Hiyo "Nafasi Huru" Kando ya Mto Ni Pori Letu



Kwa majuma matatu sasa karatasi kubwa imebandikwa kwenye mlango wa biro. Ni ramani ya konsesio ya shule yetu, namna kamati ya wazazi na wakubwa wa shule wanavyotaka iwe katika miaka kumi inayokuja. Wote mumeiona, maana wadogo wa darasa la saba wamekwisha kuijaza alama za vidole. Kuna madarasa 4 mapya, kuna bweni la wasichana, nyumba za walimu, kiwanja cha mpira chenye vipimo vya kweli, hata kidimbwi cha kufuga samaki. Tunawashukuru sana wazazi wetu. Sisi tunaokaa watatu kwenye banki ya watu wawili hatuwezi kuwa adui wa madarasa mapya.

Lakini sisi makapita tuliisoma karatasi ile mara ya pili, kidole juu ya karatasi, mpaka chini kabisa kwenye ukingo wa mto. Pale penye pori letu, kutoka bichi ya mitumbwi mpaka kijito cha chemchemi, hapakuchorwa kitu. Pameachwa peupe. Wameandika maneno mawili tu: "nafasi huru". Usiku ule katika bweni tuliulizana: huru kwa nani?

Neno tunalotaka kusema katika ukurasa huu ni hili. Pori lile lichorwe katika ramani kama pori, kwa rangi yake na kwa jina lake, sawasawa na vile madarasa yalivyochorwa kama madarasa. Hatuombi kitu kingine. Wengine watasema ni jambo dogo la rangi ya penseli. Sisi tunaona ni jambo kubwa kupita kiwanja cha mpira (na anayeandika haya ni golikipa wa timu ya shule, musisahau).

Tuanze na pori lenyewe, kwa sababu wengine wanapita pembeni yake miaka sita bila kuliangalia. Tulilipima kwa hatua zetu Jumamosi moja: hatua 410 kwa urefu, na kwa upana hatua 60 pale linapokuwa nene, hatua 35 pale linapokuwa jembamba. Si msitu wa kupotea ndani. Mtoto akipiga kelele upande mmoja, unamsikia upande mwingine. Ndani yake tulihesabu miti 37 ambayo watu wawili wakishikana mikono hawawezi kuizungusha. Kuna limbali, kuna sapelli mmoja mzee ambao wakati wa mbinzo watu wa kijiji wanakuja na vikapu vyao, na tangu zamani shule haijawafukuza. Majani ya mangungu yako chini kila pahali. Tulimwuliza mama mmoja wa jiko kama anayahitaji kweli, akatucheka: "Batoto yangu, mukikata kule, kwanga nitaifunga na nini? Na karatasi ya kaye?"

Kiisha kuna chemchemi. Shule nzima inakunywa maji ya chemchemi ile wakati pompi imekufa, na pompi inakufa mara nyingi kuliko mwenge wa biro. Na kuna kivuli. Wale wa darasa la mwisho wanajua: mwezi wa Juni, mbele ya ekzame ya Serikali, hakuna pahali pengine pa kubloke. Katika darasa kuna joto la mabati, katika bweni kuna kelele, lakini chini ya miti ile mtu anaweza kukaa na kaye yake ya kemia toka asubuhi mpaka mchana, na hewa ya mto inampiga usoni.

Sasa tunapaswa kukiri kosa, maana bila hili maneno yetu ni ya mdomo tu. Kona ile ya karibu na bichi, ambayo leo ni udongo mwekundu na shimo, haikukatwa na watu wa nje. Tuliikata sisi. Miaka miwili iliyopita, siku ya salongo, wanafunzi walipewa kupekupe kufungua shamba la mihogo ili tupate feza za kununua mipira na nyavu za goli. Makapita tulisimama pale tukihesabu nani amekata na nani amekaa. Tulijisikia wakubwa kweli. Mihogo ilipandwa. Mvua za Oktoba na Novemba zikaja, udongo haukuwa tena na mizizi ya kuushika, ukaanza kushuka kidogo kidogo kama sukari ndani ya chai. Mwisho wa mwaka ukingo ulivunjika kwa usiku mmoja, ukaenda na mihogo, na mawe ya kufulia nguo, na ngazi zile za mbao ambazo wakubwa wetu walizijenga. Nyavu za goli hatukupata. Leo wasichana wakienda kuchota maji wanapita kando ya shimo lile, na kila mvua linakula hatua nyingine.

Hatua chache tu kutoka pale, ambapo miti haikuguswa, ukingo uko palepale. Tena ulipimwa vizuri. Kumbukeni maji makubwa ya mwisho wa mwaka 2023 na Januari 2024. Kule Kinshasa mto ulifika mita 6.20, karibu kabisa na kipimo cha mwaka 1961, ambacho kilikuwa mita 6.26, na Tshopo yetu ilikuwa kati ya majimbo yaliyopata mafuriko. Hapa miti yetu ilisimama miguu yake ndani ya maji. Maji yaliposhuka, miti ilikuwa na matope mpaka kiunoni, lakini udongo ulikuwa chini yake. Mwalimu wetu wa jografia anaweza kueleza vizuri kuliko sisi namna majani yanavyovunja nguvu ya matone na mizizi inavyofunga udongo. Sisi tunasema tu tuliyoyaona kwa macho.

Kwa nini basi tunaogopa maneno mawili kwenye karatasi? Kwa sababu watu wa Basoko, kuliko wengine wote, wanapaswa kuogopa nafasi nyeupe katika ramani. Tunajifunza historia, lakini tunajifunza kama vile ilifanyika kwa watu wengine.

Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Leopold wa Pili iliandika kwamba mashamba yasiyokaliwa na watu, yaani ardhi tupu, ni ya Serikali. Angalieni vizuri hilo neno "tupu". Mababu zetu walikuwa na njia zao za kuwinda, pahali pao pa kutega samaki, miti yao ya mbinzo, makaburi yao. Lakini nyumba haikuwa pale, shamba halikuwa pale, basi aliyeshika kalamu aliona patupu. Msitu ulikuwa tupu kwa sababu yeye hakujua jina lake.

Kiisha ukaja mwaka 1911. Serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, ambaye alikuwa anatafuta mafuta ya mawese. Namna gani walimwonyesha pahali pa kuchagua? Chukueni kompa zenu, ile ya kuchorea duara. Waliweka mguu wa kompa kwenye majina matano ya ramani, wakazungusha duara la kilomita 60 kutoka katikati kila pahali. Majina yale ni Bumba, Lusanga, Basongo, Ingende, na Barumbu. Ndiyo, Barumbu hii hii ya teritwari yetu! Fanyeni hesabu wenyewe kama mwalimu alivyotufundisha: duara moja ni zaidi ya kilomita za mraba 11,300. Maduara matano pamoja yanapita Ubelgiji nzima kwa ukubwa, tena mbali. Ndani ya maduara hayo kampuni iliruhusiwa kuchagua ardhi mpaka jumla ya hektari 750,000. Mashamba makubwa ya mawese ya Lokutu, yale yaliyoitwa zamani Elisabetha, yalitoka ndani ya duara la Barumbu. Mtu wa kijiji alikuwa analala usiku ndani ya duara, naye hakujua kama amelala ndani ya duara.

Hatusemi kwamba kamati yetu ya wazazi ni kampuni ya sabuni. Hapana! Wazazi wetu wanatupenda, na karatasi ile waliichora kwa nia nzuri, tena kwa feza ya mfukoni mwao. Tunasema tu kwamba nafasi nyeupe ina tabia yake. Leo kamati inajua kwamba pale pana pori. Baada ya miaka mitano kamati ni nyingine, Bwana Prefe ametumwa shule nyingine, sisi tumekwenda. Anakuja mtu mwenye haraka, anatafuta pahali pa kuweka matofali, anaangalia ramani: aha, hapa pako huru. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa amesoma tu kilichoandikwa.

Kuna kitu kingine ambacho pengine kamati haikukifikiri. Sheria ya misitu ya nchi yetu, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inakataza kukata miti katika mita 50 kila upande wa mto, na katika mita 100 kuzunguka chemchemi. Sasa rudini kwenye hatua zetu 60 na 35. Karibu pori lote limo ndani ya mita hizo 50, na kipande kinachobaki kimo ndani ya mita 100 za chemchemi. Maana yake hiyo "nafasi huru" haikuwa huru hata siku moja. Na siku ile ya salongo sisi makapita tulisimamia uvunjaji wa sheria ya Serikali huku tukiimba. Sheria hiyohiyo, inapohesabu misitu ya kulindwa, inataja pamoja na hifadhi kubwa za wanyama hata misitu ya mjini. Walioiandika walijua kwamba mwitu si kitu cha mbali tu.

Mtu mwenye akili atatujibu: karatasi peke yake haitoshi. Ni kweli, na hatutaki kuwadanganya. Wengi wetu tunatoka Kisangani (ndiyo sababu bulletini hii iko na ukurasa wa Kiswahili, hapa sokoni watu wanasema Lingala), na tunajua Masako. Ni pori la hifadhi kwenye njia ya zamani ya Buta, kilomita kama 14 toka mjini, pale mto Tshopo unapojikunja. Lina hektari 2,105, lina karatasi ya Serikali toka mwaka 1953, na wanafunzi wa Chuo Kikuu wanafanya kazi zao pale. Hata vile, mashamba na makala yameingia ndani sana. Kisiwa cha Mbiye ni vilevile: urefu kama kilomita 14, katikati ya mto, msitu mzuri mbele ya macho ya mji mkubwa, na mji unahitaji kuni kila asubuhi. Karatasi haikufukuza njaa ya watu.

Lakini jiulizeni: bila karatasi Masako ingekuwa na nini leo? Kiwanja kwa kiwanja, ingekuwa imeuzwa yote zamani. Karatasi ni mwanzo. Baada yake inatakiwa miguu ya watu, watu wanaopita pale kila siku na kulijua pori kwa majina. Angalieni Yangambi, ambayo tunaipita kila likizo tukipanda balenyere kwenda Kisangani. Tangu mwaka 1933 wapo wenye elimu ya mimea na mashamba. Mwaka 1976 UNESCO ilitambua hifadhi yake. Katika nyumba yao ya majani makavu wameweka mimea karibu 150,000 yenye majina. Na sasa kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Mashamba yanasukuma pale pia. Lakini kuna mtu wa kuuliza ukikata.

Wanafunzi wa mbali nao waliwahi kusimama. Katika Nairobi, mji mkuu wa Kenya, kuna msitu unaoitwa Karura, wenye hektari zaidi ya 1,000. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawanywa kwa siri kwa watu waliotaka kujenga nyumba za matajiri. Mama Wangari Maathai alikwenda na miche ya miti mkononi; Januari 1999 walinzi wakampiga kichwani mpaka damu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakatoka barabarani, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi za umma. Mama yule alipewa tuzo la Nobel la amani mwaka 2004. Leo watu wanalipa kiingilio wapate kutembea Karura siku ya Jumapili. Na huko pwani ya Kenya Wamijikenda wana misitu yao midogo, makaya, pahali pa vijiji vya mababu. Wazee walikataza kukata, na mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia. Hakuna ulinzi wa bunduki uliofanya hivyo kwanza. Lilikuwa jina, na katazo ambalo kila mtoto alilijua.

Sasa twende kwa maneno ya wapinzani, maana katika refekitware tulibishana mpaka wali ukapoa.

Mwalimu mmoja mwenye watoto sita alituambia kwa sauti ya chini: "Ninyi mutakwenda. Mimi nitabaki na mshahara unaochelewa. Batoto yangu bakule miti?" Hatukuwa na jibu siku ile, na tuliona haya. Mtu anayetufundisha logariti bila kulipwa vizuri hapaswi kuambiwa na vijana wa miaka 18 kwamba kivuli ni kizuri. Tulikwenda kutembea katika konsesio nzima. Nyuma ya kanisa, kule juu, kuna kahawa ya zamani iliyoachwa, vichaka tu, pakubwa mara tatu kuliko pori la mtoni. Pale udongo hauko kwenye mteremko. Tunapendekeza pale pakatwe, pagawiwe walimu bustani, na sisi wanafunzi tufanye salongo ya kufungua. Pale tutakata kwa furaha.

Wa pili walisema juu ya kuni za jiko. Ni kweli, sufuria za shule zinakula kuni kama moto wa Jehanamu. Kule karibu na Yangambi watu wamepanda miti ya akasia inayokua upesi, kwa kuni na makala. Mstari wa akasia unaweza kupandwa kandokando ya kiwanja cha mpira, na mbegu zinaweza kuja na balenyere. Miti iliyoanguka yenyewe katika pori tutaendelea kuiokota, hatukatai.

Wa tatu, hasa wasichana, walisema nyoka. Tunajibu kwa heshima: nyoka wawili waliouawa mwaka huu wote walipatikana katika bweni la wavulana, chini ya mabegi ambayo hayakufagiliwa toka Krismasi.

Na kuna waliosema: basi bweni la wasichana litawekwa wapi, kama siku moja itatakiwa la pili? Hili ni gumu zaidi, na tunakubali kwamba shule itakua. Ndiyo maana tunataka lisemwe sasa, wakati penseli bado inafutika. Bweni linaweza kupanda juu, kuelekea barabara. Chemchemi haiwezi kupanda juu.

Basi haya tunayaomba kwa kamati kabla ya mkutano wake. Pale palipoandikwa "nafasi huru", paandikwe "pori la shule". Mipaka yake iandikwe kwa hatua au kwa mita, toka bichi mpaka kijito. Chemchemi iwekwe alama ya duara. Njia ya kwenda kuchota maji ichorwe, na njia ya watu wa kijiji wanaokuja kwa mbinzo ichorwe pia, kwa sababu wao walikuwa pale mbele ya shule. Na ile kona tuliyoiharibu iandikwe "pa kupanda tena". Kama kamati itaona aibu kuiandika, tuandikiwe sisi: ilikatwa na makapita.

Papa mmoja mvuvi, ambaye mtumbwi wake unalala kwenye bichi yetu, amekubali kutuonyesha miti gani inapenda miguu yake iwe ndani ya maji na gani inaikataa. Jumamosi hii, baada ya kufagia, tunakutana kwenye shimo saa nane. Wale wa darasa la saba na la nane wachukue ndoo, wakubwa wachukue majembe. Kupekupe zibaki katika depo. Mwenye kamba ndefu ailete, maana hatua zetu hazitoshi kwa kamati, wanataka mita.

Makapita wa darasa la mwisho